Kiuno cha Jumatatu

Asubuhi ya leo alipanda mzee mmoja kwenye daladala, amejipaka mafuta ya makonyo, yale ya kuchulia maumivu. Wanaoyajua wanayajua: ile harufu ya mkarafuu inafika kwenye kiti kabla ya mwenyewe. Konda alipiga chafya mara mbili. Mimi nikajikuta nimekaa wima, mkono umeshaenda nyuma kiunoni kutafuta yale maumivu yangu ya zamani.

Kipindi kile nyumba yetu yote ilinuka hivyo. Baba Nuru alikuwa kila akipata mtu anayevuka kutoka Pemba anamwagiza chupa. Shuka zilinuka, mito ilinuka, nadhani hata chapati zilinuka, ila watoto walikuwa na adabu zao wakanyamaza.

Tulikuwa tumekopa kwa kikundi, kila mmoja akimdhamini mwenzake. Mwenzetu alipohama usiku na magodoro yake, sisi tuliobaki ndio tukawa wadhamini wa kulipa deni lake juu ya letu, kila Jumanne saa nne. Mikopo ile watu wanaiita kausha damu, na jina hilo hawakulikosea. Mwezi uleule niliinama kuokota kandambili, nikashindwa kuinuka.

Basi ikaanza safari. Vidonge vya diklofenaki mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Sindano. Mkanda wa kiuno ambao kwa joto la Tanga ni adhabu ya pekee. Ubao chini ya godoro. Niliumikwa, nikanywa kombe. Mji wetu una sifa zake: ukisema kiuno kimekuuma mfululizo, hukosi mtu wa kukutajia jini lako kwa jina na kabila lake. Hospitali walinipima kwanza kifua kikuu cha uti wa mgongo, maana huku kwetu kipo na kinakula pingili kweli. Wakaniuliza kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo unanitoka bila kujijua, kama nina homa za usiku au nimekonda. Yote hapana. Nikapelekwa Dar kupiga MRI, ile picha ya ndani ya mwili, na pesa ya kipimo, ndugu zangu, tuliikopa.

Karatasi ikarudi imeandikwa kwamba diski, ule mto laini ulio kati ya pingili ya nne na ya tano, imetuna na pingili zimeanza kusagika. Aliyenisomea alikuwa na foleni ndefu mlangoni. "Mama, usiiname, usibebe kizito, usikae chini." Basi.

Nilirudi nyumbani nikawa mtu wa kiti. Nilisali kwenye kiti, nilimenya vitunguu kwenye kiti, nilikwenda msibani na kiti changu cha plastiki kimebebwa na Nuru nyuma yangu, wenzangu wote wamekaa mkekani. Kila nilichokiacha kikawa kinauma zaidi siku nikikijaribu. Ndoo ya maji nilikuwa nikiiangalia kwa mbali.

Halafu nikapelekwa kwa kijana mmoja wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi.

Nasema kijana kwa sababu mdogo wangu wa mwisho anamzidi umri. Alinisalimia shikamoo, akaomba kanga nijifunike, akaniambia nilale kifudifudi kwenye kitanda cha mpira wa kijani ambao ulikuwa umepasuka pembeni na kuzibwa kwa plasta. Feni juu ilikuwa inazunguka na kugonga, tak, tak, tak. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Alianza kubonyeza kutoka mabegani akishuka pole pole, akiuliza hapa je, na hapa. Nikawa nimelegea, nusu nisinzie.

Jogoo akawika.

Jogoo alikuwa kwenye mkoba wangu juu ya kiti. Yule afisa mikopo nilikuwa nimemwekea mlio wake peke yake kwenye kitochi changu, jogoo, ili nikiwa jikoni nijue ni yeye na nisihangaike kufuta mikono kuja kupokea. Akawika mara ya pili, ya tatu. Vidole vya kijana vikasimama.

"Mama, nani huyo?"

"Hakuna mtu, mwanangu. Endelea."

"Hakuna mtu, na mgongo umeshakuwa ubao?"

Nikamwambia ananiumiza. Akasema, "Mama, sijakugusa. Mikono yangu hii hapa." Nikageuza shingo, nikaiona, ameinyanyua juu kama mtu aliyeambiwa na polisi. Na kiuno kinauma vilevile, pale pale, upande wa kushoto, kisu kilekile cha siku zote. Akauchukua mkono wangu mwenyewe akauweka nyuma. Msuli ulikuwa umesimama pande zote mbili za uti, mgumu, nikibonyeza haubonyei. Tukangoja. Jogoo akakata. Feni tak, tak. Baada ya muda nikauhisi msuli unashuka chini ya vidole vyangu, kidogo, kidogo, na maumivu yakashuka nao.

Angeishia hapo pengine ningesema imetokea tu. Lakini yule mtoto ana ujeuri. Aliniomba simu, akaingia kwenye orodha ya milio, akamtafuta jogoo. "Sasa hapigi mtu. Unaniona ni mimi." Akabonyeza. Jogoo akawika, hakuna afisa, hakuna deni linalodaiwa dakika ile, na mkono wangu uko palepale nyuma: msuli ukapanda. Maumivu yakapanda. Nilianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akatoka nje akaniacha na feni. Aliporudi alikuwa na kikombe cha maji.

Nilikasirika, sitaficha. Nikamuuliza, kwa hiyo unasema najifanya? Akasema hapana mama, maumivu ni ya kweli kabisa, hakuna maumivu ya uongo. Ila kuumwa si lazima kuwe kumeumia kitu. Ndipo akanipa kisa cha mjenzi mmoja wa Uingereza kilichoandikwa kwenye jarida la madaktari wa huko mwaka 1995. Kijana wa miaka 29, aliruka akatua juu ya msumari wa sentimita 15, ukapenya kiatu ukatokea juu. Alikuwa na maumivu makali hata msumari ukitikiswa kidogo tu hawezi, ikabidi apewe dawa kali za kutuliza. Walipokivua kiatu wakakuta msumari umepita katikati ya vidole. Hata mkwaruzo hakuna. Macho yaliona msumari, akili ikapiga king'ora.

Na karatasi yangu ya MRI? Akasema mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo, zaidi ya nusu yao wakakutwa diski zimetuna. "Ukinipiga mimi sasa hivi, mama, huenda yangu imetuna kuliko yako. Na jioni nina mechi."

Mengine niyapitishe haraka. Aliniambia maumivu yakidumu zaidi ya miezi mitatu, mara nyingi jeraha kama lilikuwepo limeshapona, kinachobaki ni mwili uliozoea kujihami. Na kwamba hofu ya kuinama inaukaza mwili, mwili uliokazwa unauma, na kuuma kunaongeza hofu. Alinipa daftari niandike saa ninazoumwa na nilikuwa nafanya nini. Daftari hilo ninalo. Kila ukurasa umetulia mpaka Jumatatu alasiri, kuanzia hapo mwandiko wenyewe unapinda. Jumanne ikipita saa sita mchana, unanyooka.

Nikaanza kuinama kwa makusudi, kwanza mpaka magotini, nikivuta pumzi, nikijisemesha kwamba naumwa lakini sivunjiki. Nikakaa mkekani. Ndoo robo, ndoo nusu. Jogoo nikamtoa kwenye simu, nikaweka mlio wa kawaida, na siku moja nikapokea. Sikuwa na la maana, nilimwambia tu wiki hii nina kiasi fulani, hakitoshi. Upande wa pili kukawa kimya, halafu akasema, "Sawa mama, niandikie basi hata ujumbe, maana na mimi bosi ananisubiri hapa." Sauti ilikuwa ya mtoto. Sijui miezi yote ile nilikuwa nimempa sura gani.

Siku niliyoibeba ndoo imejaa kutoka bombani mpaka jikoni hakuna aliyekuwepo kuniona. Nikaimwaga nusu kwenye sufuria nikaendelea na maharage.

Sasa Baba Nuru ana msimamo wake, na kila tukilizungumza hili anaurudia: mimi nilipona deni lilipoisha, fiziotherapia ilikuwa ni kupoteza nauli. Mimi namwambia ndoo niliibeba kabla ya rejesho la mwisho. Yeye anasema mwishoni deni lilikuwa dogo, hilo halihesabiki. Nuru alitusomea kwenye simu utafiti wa Marekani uliotoka 2021: watu wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu wakafundishwa kuyaona kwamba si hatari, na asilimia 66 wakamaliza bila maumivu au yamebaki kidogo sana; waliochomwa sindano isiyo na dawa walikuwa asilimia 20. Nikadhani nimeshinda. Baba Nuru akafuta miwani, akauliza, "Na hao walikuwa wanadaiwa na nani?"

Swali lake silipuuzi. Maana kiuno huwa kinarudi, hasa Januari, ada na sare zikikutana. Kinakuja, nakijua kilikotoka, najinyoosha, naenda zangu sokoni, wakati mwingine kinaondoka na wakati mwingine kinanifuata mpaka jioni. Jirani yangu wa nyuma naye ana mkanda sasa, nikimwambia habari za jogoo ananitazama kwa huruma. Amejaliwa adabu kama watoto wangu. Siwezi kumlaumu. Nami kabla ya kitanda kile cha kijani ningemtazama mtu hivyo hivyo, na kwanza amalize kupimwa, pengine lake ni jingine.

Wanawake wa mtaani wanaanzisha kikundi kipya, cha kuweka na kukopeshana wenyewe, hakuna afisa wa mtu. Wameniomba niwe mweka hazina. Nimekubali. Kwenye kikao nilitoa hoja moja tu, siku ya marejesho iwe Alhamisi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.