Wa tisa ni wewe

Jumamosi, 20 Agosti 2022

Mwalimu, jirani yangu aliyegombea uwakilishi wa wadi, alinirudishia sahani Jumatano baada ya magharibi. Ni ile ya maua mekundu, niliyompelekea kaimati jioni ya siku ya kura kwa sababu nilijua atarudi nyumbani usiku, na njaa. Sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hivyo alikuwa ametia tende na vipande viwili vya halua kwenye karatasi. Nilimkaribisha ndani akakataa. Alibaki kizingitini, ushungi umemteleza hadi nusu ya kichwa, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na kunyamaza:

"Chumba chetu cha kura nimepata tisa, shoga yangu. Nimekaa nikawahesabu mmoja mmoja. Wa tisa ni wewe. Mungu akulipe."

Nami nikasema, "Haya."

Sikusema amin, sikusema sivyo. Nilisema haya, nikaipokea sahani kwa mikono miwili, nikamtakia usiku mwema.

Sikumpigia kura.

Naliandika hapa kwa sababu sina pengine pa kuliandika, na kwa sababu nyinyi mnamjua Mwalimu tangu nilipowasimulia ile chekechea yake na mvua. Wiki hii rais mteule ametangazwa pale Bomas, Nairobi, zilikojumlishwa kura, kura yetu ya ugavana imeahirishwa mara ya pili, mwanangu amerudi shuleni, na binti ya ami ameposwa. Mimi niko kwenye cherehani nashona madera ya posa, na masikioni nina yale maneno manne tu. Wa tisa ni wewe.

Mnakumbuka alivyoanza. Mgombea huru wa wadi hana chama cha kumpa tiketi. Sheria inamtaka alete wapigakura wasiopungua 500 wa wadi hiyohiyo wanaomuunga mkono, na watu hao wasiwe wanachama wa chama chochote. Mia tano si mchezo kwa mtu anayekwenda kwa miguu. Mwalimu alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake kifuani, na watu walikuwa tayari kumtilia saini, ila wengi walikuwa hawajui kwamba wana chama. Ile habari ya mwaka 2021, watu walipoangalia mtandaoni wakajikuta wamesajiliwa kwenye vyama wasivyowahi kuvikanyaga, mtaani kwetu haikuwa hadithi. Mwalimu aliketi nao barazani, simu mkononi, akimwonyesha kila mmoja namna ya kujitoa, na wengine ilibidi arudi kwao mara tatu.

Mimi nilitia saini mstari wa tatu, ukurasa wa kwanza. Kisha nikamshonea bendera sita za kitambaa cheupe, na birika jekundu katikati, maana birika ndiyo alama aliyoichagua. Sikumtoza. Mabirika niliyakata kwenye mabaki ya dera la Idd la wifi yangu, nikayazungushia zigizaga, mdomo ukaelekea kushoto. Ile ya sita bado inaning'inia kwenye nguzo ya stima mbele ya duka langu, na kila nikiinua kichwa naiona.

Nataka mnielewe: sikuwa mtu wa kudharau kura hiyo. Watu wengi huingia kituoni wakimuwaza rais, na wakifika kwenye karatasi ya mwakilishi wa wadi, ile ya rangi ya kaki, mkono umeshachoka. Mama mpaka leo humwita diwani, kama enzi za Manispaa, kabla ya kaunti kuanza 2013. Lakini mimi naamini hiyo ndiyo kura inayofika mlangoni kwa mtu. Chekechea ni kazi ya kaunti. Zahanati ni kazi ya kaunti. Takataka, soko, taa ya uchochoroni, mtaro unaofurika kila masika, yote hayo hupita kwenye bajeti ya bunge la kaunti, na kila moja ya wadi 30 za Mombasa ina mtu mmoja wa kuchaguliwa kuisemea pale. Mwalimu anafundisha watoto wetu chini ya bati linalovuja. Mvua ikinyesha hupandisha mikeka juu ya meza na watoto juu ya mikeka, wakaendelea kusoma. Mwanangu alijua herufi zake zote pale. Haya yote niliyajua nikiwa nimeshika kalamu.

Kilichonishinda ni basari, ule msaada wa karo. Fomu ya mwanangu ilikuwa imeshapokelewa na watu wa mgombea mwingine, wa chama. Siku mbili kabla ya kura mmoja wao alinijia dukani. Hakuketi. Alisimama kwenye meza ya kukatia, akashika mkasi wangu mkubwa, akawa anaufungua na kuufunga hewani huku anazungumza habari za joto. Kisha akasema, "Fomu ni nyingi, dada. Na sisi twawajua watu wetu." Akauweka mkasi, akaaga vizuri kabisa.

Kura ni ya siri, najua. Hakuna aliyesimama nyuma yangu kwenye kile kibanda cha karatasi ngumu. Siku ile tulipewa karatasi tano badala ya sita, kwa kuwa zile za gavana zilitoka na makosa, na hii ya wadi niliiacha mwisho makusudi, nikidhani nitapata moyo njiani. Nilipoinama nikausikia ule mkasi. Nikajiambia kura ya Mwalimu itapotea bure, hawezi kushinda, nami nina mtoto wa kidato cha tatu. Nikamtilia alama yule mwingine, nikakunja, nikatumbukiza, nikatoka na wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Wino wenyewe umebaki ukuchani hadi leo, na nikishona kitambaa cheupe naukunja ndani ya kiganja.

Tangu Jumatano nimemjibu Mwalimu kila namna. Nimemjibu nikioga, nikitunga uzi, nikiwa kwenye tuktuk naelekea Marikiti kununua zipu. "Hapana, shoga yangu, si mimi." Au: "Ingia ndani kwanza, nina neno." Au nimempa sababu yote, fomu na mkasi na kidato cha tatu, naye akanishika bega. Katika hizo zote hakuna hata moja nilipotamka lile neno haya.

Na kinachonichoma zaidi ni pale aliposema amewahesabu. Namwona amekaa usiku na daftari lilelile la saini. Vyumba vya kituo chetu vimegawanywa kwa herufi za majina, na chumba chetu ana watu wake anaowajua: yeye mwenyewe, dada zake wawili, muuza mbaazi na mkewe, kijana wa tuktuk, wazazi wawili wa watoto wa chekechea. Hao wanane. Akafika kwangu bila kuinua kalamu. Hakuniweka wa mwisho kwa kunishuku. Mtu humalizia na yule asiyehitaji kumfikiria.

Ile tisa mimi niliiona kabla yake, au angalau kabla hajaniambia. Asubuhi ya Jumatano ile ya kwanza nilipita kituoni, fomu za matokeo zimebandikwa mlangoni, wino wa kalamu umevuja kidogo kwenye sahihi za mawakala. Nikasoma jina lake, nikafuata mstari kwa kidole. 9. Wadi nzima hakufikisha hata nusu ya wale waliomtilia saini, kwa hivyo siko peke yangu, wala hilo halinipi nafuu. Nilisimama pale nikiwaza ni nani hao tisa waliokuwa na moyo. Nilipohesabu mimi nilipata wanane. Nikadhani nimemsahau mtu.

Jana ndipo nilipomuuliza mama.

Mama alipiga kura nasi chumba kimoja, herufi zetu ni moja. Alikuwa na saumu ya Ashura, na foleni ilianza kabla jua halijatoka, lakini alikataa kuletewa kiti mpaka askari alipomwomba. Mnajua hali ya macho yake. Sheria inamruhusu mtu asiyeona vizuri aingie na amwaminiye, huyo msaidizi akala kiapo cha kutunza siri, nami nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Usiku wake nilishamwambia mara mbili ampigie yule wa chama, nikamtajia basari ya mjukuu wake. Alinijibu, "Nimesikia." Kulipokucha, tulipofika mezani, karani akamuuliza kama atasaidiwa. Mama akasema, "Mato yangu yaona, mwanangu." Akachukua karatasi zake tano akaenda zake.

Alikawia. Alikawia hata wakala mmoja akaanza kugonga meza kwa kalamu. Mimi nilikuwa nishatumbukiza zangu, nimesimama mlangoni, nasikia haya kwa ajili yake, nadhani ameshindwa na ni kiburi tu.

Basi jana baada ya chakula cha mchana alikuwa ukumbini anachagua mchele, uteo mapajani, nami nimeketi chini karibu naye natia vishikizo. Nikamuuliza, bila kujua nauliza nini hasa:

"Mama, siku ile ya kura mbona ulikawia?"

"Nilikuwa natafuta birika."

"Birika gani?"

"La Mwalimu, birika gani jingine? Bendera zako ziliniponza, mwanangu. Wewe mdomo umeutia huku, na karatasi yao mdomo uko huku." Akaniashiria kwa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, na punje za mchele zimemganda vidoleni. "Nikasema hili pengine ni la mtu mwengine. Nikarudi juu nikaanza upya, moja moja, hadi chini. Sikuona birika jingine. Nikajua ndilo."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipotoka sikuweza kuyarudisha. Namwona mama yangu kwenye kile kibanda, karatasi ameisogeza hadi puani, anaenda na picha moja baada ya moja, jua linapanda, tumboni hamna kitu, watu wanagonga meza, naye anatafuta birika nililolikata mimi kwa mkono wangu na kulielekeza kombo. Alinisikia usiku ule. Alisikia habari ya basari yote. Kisha akaenda akafanya lake.

Siku mbili nilikuwa na jiwe kifuani, na kwa kitambo kile pale ukumbini nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu mwanangu alipofaulu darasa la nane. Wa tisa yupo! Mwalimu hakuhesabu vibaya, nyumba ndiyo hii hii.

"Nawe?" mama akaniuliza.

"Mimi sikumpigia."

Aliendelea na mchele. Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni ya jamvi pamoja na wenzake.

"Nitakwenda nimwambie," nikasema.

"Umwambie kwamba ni mimi?"

"Nimwambie kwamba si mimi."

"Wataka kumwambia ili alale nani, yeye au wewe?"

Sikuwa na jibu, na hadi saa hii sina. Mama hasemi jambo mara mbili. Aliinuka na uteo wake akaenda jikoni. Lakini nimelala nalo, na mara hii nadhani mama hakufika mwisho wa neno. Mwalimu ameshapoteza. Kumpelekea habari yangu ni kumtwisha mzigo mwingine, hapo mama ni kweli. Ila nikinyamaza nitakuwa nimevaa kura ya mama, tena mbele ya watu, na Mwalimu ataendelea kunishukuru mimi kwa macho aliyoyachosha mwingine. Kura hiyo ina mwenyewe. Na Mwalimu ana haki ya kujua kwamba kuna bibi aliyekaa na saumu akalitafuta birika lake kutoka juu hadi chini, mara mbili. Habari hiyo namna gani nimnyime?

Nimetoa nguo ya posa mashineni, nikaitia tena. Nimepika kaimati nyingi kuliko tunazozila. Sahani ya maua mekundu iko juu ya meza, imejaa, imefunikwa kwa kawa. Isha imeadhiniwa. Mlango wa Mwalimu uko wazi, taa inawaka, nawasikia watoto wake.

Kuna jambo jingine. Nilipomtandikia mama kitanda leo asubuhi niliona unga wa kahawia kwenye shuka, laini kama mdalasini uliosagwa. Nikaukung'uta, na adhuhuri ukawa umerudi. Unatoka kwenye boriti ya tatu kutoka dirishani. Nimeigonga kwa mpini wa ufagio ikatoa mlio wa kitu kisicho na kitu ndani. Zile mbili za mwanzo zilibadilishwa baba akiwa hai, na fundi aliyezibadilisha naye ameshatangulia. Sijui boriti ya mkoko ya urefu ule hupatikana wapi siku hizi, wala ni nani mtaani anayejua bado kuipandisha bila kuangusha dari. Kwa sasa nimesogeza kitanda cha mama upande wa mlango. Ameniuliza kwa nini, nikamwambia ni kwa ajili ya upepo.