Mkasi Uko Mikononi mwa Nani?

Kabla sijaangalia filamu ya makala inayomhusu mwanamuziki mashuhuri, husoma kwanza majina ya watayarishaji, kwani kashfa ile ile husimuliwa vyengine kabisa pale mwenye kashfa anapokuwa ndiye mwenye neno la mwisho katika uhariri.

Madonna alilifahamu hilo mapema. Mwaka 1990 polisi wa Toronto walipotishia kumkamata kwa mambo aliyoyafanya jukwaani, wapiga picha wake walikuwepo, na katika filamu iliyotoka mwaka 1991 kitisho kile kimekuwa sehemu ya burudani, mtazamaji akabaki kumshangilia yeye. Wengi huuita ule ujasiri. Mimi naona ni biashara iliyopangwa vizuri.

Michael Jackson yalimfika kinyume. Alimfungulia nyumba yake mwandishi wa habari wa Uingereza, Martin Bashir, lakini mkasi ukabaki kwa wenye televisheni. Filamu iliporushwa Februari 2003, kilichozungumzwa kila pahala ni kauli yake mwenyewe kwamba watoto wa watu hulala kitandani mwake. Kumbe naye alikuwa na mpiga picha wake pembeni, akirekodi mazungumzo yale yale, na mwezi huo huo picha hizo zikatolewa zikimwonesha Bashir akimsifu kwa malezi mema. Baadaye Jackson alishitakiwa kwa kumdhalilisha mtoto, na Juni 2005 mahakama ikamwachia huru kwa mashitaka yote, ila picha ya kwanza ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu.

Hapa kwetu Unguja tuna mfano ambao mpaka leo sijaupatia wa kuulinganisha nao. Katika filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006, Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, ambaye sigara yake, kileo chake na ngoma zake za unyago zilikuwa gumzo la mabaraza kwa miaka mingi, anavuta mbele ya kamera bila ya kujieleza, kama aliyekaa ukumbini kwake na wajukuu. Hakuna msemaji wala machozi ya kuomba radhi.

Marehemu bibi yangu, ambaye hakuwahi kuikubali ile sigara hata siku moja, aliiangalia filamu yote kimya, kisha akajitengeneza kanga yake na kusema: "Kidude huyu angalau hakumtuma mtu kuja kunambia kuwa si yeye."