Salfa ya mama mkwe na salfa ya mlimani

Kabla ya kupanda Kilimanjaro, ofisi hunitumia karatasi ya wageni: nani hali nyama, nani ana kisukari, nani haruhusiwi karanga. Mimi ni mpishi wa mlimani, naishi Pasua hapa Moshi, na karatasi hiyo naisoma kwa makini kuliko ninavyosikiliza bei pale sokoni Mbuyuni. Aleji ya karanga haina mjadala, karanga hazipandi. Inayonisumbua ni pale mgeni anapoandika "aleji: salfa", halafu basi. Salfa ipi?

Kesi kama hiyo ninayo hata nyumbani. Mama mkwe wangu wa Kibosho alipewa Septrin kwa ajili ya kifua, akatoka vipele mwili mzima na midomo ikavimba. Kwenye zahanati wakamwambia ana aleji na salfa, asiiguse tena maishani. Wakaishia hapo. Jirani, yule ambaye kila mtaa unaye, akamalizia kazi: salfa imo kwenye mayai, kwenye kitunguu saumu, kwenye kitunguu maji, kwenye kabichi. Na kweli imo. Mama akaacha vyote. Nikampelekea mtori, akafunua sufuria, akanusa.

"Baba Neema, humu umetia saumu?"

"Nimetia, Mama."

Akarudisha kifuniko.

Sasa sikilizeni. Ndani ya Septrin kuna dawa inayoitwa sulfamethoksazoli. SP, ile ambayo wajawazito hupewa kliniki kujikinga na malaria, ina sulfadoksini. Mwili wenye aleji hugombana na umbo la dawa hizo, namna molekuli yake ilivyoungwa. Haugombani na salfa yenyewe, ile elementi ya kemia. Ungekuwa unagombana na salfa, ungeanza kujikataa wenyewe, maana mtu wa kilo 70 anatembea na salfa ipatayo gramu 140 kwenye misuli, kucha na nywele. Ile harufu ya kichwa cha mbuzi kikibabuliwa kabla ya kwenda kwenye supu ni salfa hiyohiyo, inatoka kwenye protini ya manyoya.

Tunaipata zaidi kwenye protini tunazokula, kupitia amino asidi mbili (vijenzi vya protini), methionini na sisteini. Sisteini mwili unaweza kuiunda kutokana na methionini, lakini methionini ni lazima uile. Maharage yana kidogo. Mahindi yana afadhali, ila yamepungukiwa amino asidi nyingine, lisini, na lisini maharage wanayo. Kwa hiyo mama mkwe wangu, aliyekimbia mayai kwa kuogopa salfa, alikuwa anakula makande na kuipata humo bila wasiwasi wowote. Tulimpeleka kwa mfamasia, akamwandikia majina ya dawa zenyewe kwenye daftari lake la kliniki, pamoja na kilichomtokea. Mayai amerudia. Kitunguu saumu bado hataki, lakini sasa sababu ni nyingine: hataki kunuka mbele ya padri.

Na hapo simlaumu. Harufu ya saumu si ya mdomoni tu. Kuna kemikali moja yenye salfa, inaitwa alili methili salfidi, inayopita tumboni, ikaingia kwenye damu, ikaja kutoka kwenye mapafu kila unapopumua, masaa kadhaa baada ya kula. Piga mswaki utakavyo. Glasi ya maziwa ukinywa pamoja na chakula hupunguza, tofaa bichi pia. Mlimani tunalala watu kadhaa hema moja na maziwa yenyewe ni ya unga, basi tunavumiliana.

Kitunguu saumu ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Punje nzima, hata ukiimenya, hainuki sana. Ndani yake kuna kemikali iitwayo aliini, na kando, kwenye chumba chake, kuna enzaimu (protini inayochochea mabadiliko ya kemia) iitwayo aliinasi. Havikutani. Kisu kikipita, kuta zinavunjika, vinakutana, na ndani ya sekunde chache inazaliwa alisini, yenye ule ukali unaopanda puani. Wamarekani wawili, Chester Cavallito na John Bailey, ndio walioitenga mwaka 1944 na kuonyesha kwamba inaua bakteria. Kwa maneno mengine, kinachosifiwa na wauza dawa za asili hakimo kwenye punje. Unakitengeneza wewe, ubaoni.

Ndiyo maana mimi huponda kwa ubapa wa kisu, nikaacha pale dakika kumi hivi huku nakata karoti, ndipo naweka jikoni. Ukiitupa punje kwenye mafuta ya moto papo hapo, enzaimu inakufa kabla haijamaliza kazi. Utapata ladha tamu, nzuri tu, ila alisini sahau. Napendelea saumu za Mbulu, punje ndogo zenye wekundu, kuliko zile kubwa nyeupe za kutoka nje. Kuzimenya ni adhabu, lakini zinajua kuwasha.

Kitunguu maji cha Mang'ola nacho kina mambo yake. Kinafanana na saumu kwa mtindo, ila kina enzaimu ya pili inayotengeneza gesi ya machozi. Wajapani ndio walioigundua enzaimu hiyo, mwaka 2002. Baridi huipunguza makali: vitunguu vilivyolala nje usiku kambi ya Barafu nakata bila kufuta jicho. Na udongo una neno. Penye salfa nyingi shambani, mfano aliyepiga mbolea ya SA, kitunguu hutoka kikali zaidi.

Wageni wengi huja wamesoma kwamba supu ya kitunguu saumu inazuia ugonjwa wa mwinuko, ule wa kuumwa kwa sababu ya hewa nyembamba ya juu. Napika, wanakunywa mpaka bakuli linang'aa, nami nafurahi kwa sababu wamekunywa maji ya moto na chumvi. Dawa ya mlima ni kupanda polepole, na hali ikiwa mbaya, kushuka. Supu haimshushi mtu. Kwa presha ya damu iliyopanda saumu imeonekana kusaidia kidogo, kidogo kweli, na hiyo ni kwa vidonge vya kila siku kwa wiki nyingi. Vidonge hivyo vina upande wa pili: anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, amwambie daktari kabla hajavimeza, maana vinaweza kuongeza kutokwa damu.

Halafu kuna Diamox, kidonge ambacho wageni humeza kwa ajili ya mwinuko. Nayo ni jamaa ya dawa za salfa! Aliyepata vipele kwa Septrin si lazima avipate kwa Diamox, kwa sababu ile sehemu ya molekuli inayoleta ugomvi haimo. Hata hivyo karatasi ya ndani ya boksi huonya. Jambo hilo mtu alimalize na daktari wake kwao, si saa sita usiku kambi ya Shira huku mwongoza wageni anatafuta tochi.

Mayai nayamaliza haraka. Barafu, mita 4,600 na kitu, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 85, kwa hiyo yai linachelewa kuiva na mpishi mwenye wasiwasi hulisahau motoni. Likizidi, kiini huvaa duara la kijani: salfa ya ute imekutana na chuma ya kiini. Mgeni hudhani limeoza. Halijaoza, kula.

Salfa ambayo hunifanya nisome pakiti kwa miwani ni ile ya kiwandani, salfaiti. Huwekwa ili tunda kavu lisibadilike rangi na mvinyo usiharibike, na kwenye pakiti huandikwa E220 mpaka E228. Watu wengi hawadhuriki, lakini baadhi ya wenye pumu kifua hubana, na pumu kwenye baridi na hewa nyembamba sitaki kuiona. Marekani walipiga marufuku kuinyunyizia matunda na mboga za kuliwa mbichi mwaka 1986, baada ya vifo. Dalili ya haraka ni aprikoti kavu: zikiwa na rangi ya chungwa inayowaka, zimetiwa. Zisizotiwa ni za kahawia kama ugoro. Mimi nimehamia kwenye embe na ndizi zilizokaushwa juani bila kitu. Rangi yake mbaya, wageni huzigeuzageuza kwanza, na bado pakiti inaisha kabla hatujafika kambi ya Karanga.