Wimbo wa kwanza kwenye hedifoni mpya

Miaka michache iliyopita nilinunua hedifoni katika duka moja la Kariakoo baada ya kusikiliza wimbo mmoja tu, na wimbo wenyewe aliuchagua muuzaji. Ulikuwa muziki wa kompyuta mtupu, wenye besi iliyonitikisa hadi taya, na baada ya dakika mbili nilikuwa nimeshatoa pesa. Usiku ule, nilipoweka taarabu, udi, ile ala ya nyuzi yenye tumbo la mviringo, ulitoka kama kopo linalogongwa kwa kijiko, na fidla zikawa kama zinapigwa chumba cha pili, mlango umefungwa. Tangu hapo siingii dukani bila nyimbo zangu mwenyewe kwenye simu, na nyimbo hizo nimezichagua kwa miaka, moja moja.

Kigezo changu cha kwanza ni kwamba ala zilizomo niwe nimewahi kuzisikia kwa masikio matupu, kwa karibu, bila spika kati yetu. Muziki wa kompyuta una uzuri wake, lakini hakuna ajuaye sauti zile zilipaswa kusikika vipi kabla ya kupita kwenye spika, kwa hiyo hedifoni ikizipotosha huna cha kulinganisha nacho. Udi naujua. Nilipokuwa Unguja nilikaa jioni nzima kwenye mazoezi ya kikundi cha taarabu cha Culture Musical Club, pale Vuga, hatua mbili kutoka kwa mpiga udi, na nilichoondoka nacho kilikuwa kitu kidogo sana: kabla ya noti yenyewe husikika risha, kile kijiti cha kudonolea, ikikwaruza uzi, na baada yake tumbo la udi hujibu kwa mngurumo laini unaochelewa kufa. Hedifoni mbovu hukupa noti tu. Iliyo nzuri hukupa mkwaruzo, noti na mngurumo, kila kimoja kwa zamu yake, ijapokuwa vyote vitatu hupita ndani ya kufumba na kufumbua.

Ndiyo maana rekodi ninayoanza nayo daima ni ya taarabu asilia iliyopigwa na okestra nzima, yenye fidla kadhaa, kanuni, udi, filimbi ya nai, akodiani, besi kubwa ya kusimama, ngoma ya dumbaki na tari liitwalo rika. Katika bashrafu, yaani kile kipande cha ufunguzi kisicho na mwimbaji, wapiga fidla wote hufuata tuni moja, lakini kila mmoja huitia madoido yake, huyu akiitelezesha, yule akiichelewesha kidogo. Kwenye hedifoni dhaifu huwa fidla moja nene, na kwenye hedifoni nzuri ninaweza kuwahesabu watu. Kanuni, ala ya nyuzi inayolazwa mbele ya mpigaji, nayo ina kazi yake. Nyuzi zake ni zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa kila noti, na mpigaji huzidonoa kwa risha zilizofungwa kwenye vidole vyake vya shahada. Kila mdonoo ni wa ghafla na mkali, kwa hiyo kama mtengenezaji amezidisha sauti za juu ili hedifoni ionekane safi dukani, kanuni huanza kuchoma masikio kabla wimbo wa pili haujaisha.

Kuhusu besi nina ugomvi wa muda mrefu na wauzaji, kwa sababu wao huonyesha wingi wake ilhali mimi nataka kujua kama naweza kuifuata. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi la kawaida hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mitetemo kama 20. Zipo hedifoni zisizoweza kufika huko chini, nazo huficha udhaifu huo kwa kuvimbisha sauti zilizo juu kidogo, mpaka kila noti ya besi inakuwa mshindo uleule mmoja. Basi huwa naimba mstari wa besi kwa mdomo huku nikisikiliza. Nikiweza kuufuata kila unapopanda na kushuka, hedifoni imefaulu. Kwa upande wa ngoma, sijapata kipimo kinachozidi msondo, ile ngoma ndefu ya unyago. Marehemu Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar aliyetutoka mwaka 2013, aliupiga na kuuimbia, na unapomsikiliza vizuri kiganja hutua kwanza kwenye ngozi, kisha ndipo tumbo la ngoma linaitikia.

Sauti tupu ya mtu ndiyo mtihani mgumu kuliko yote. Mhandisi wa Kijerumani Karlheinz Brandenburg, mmoja wa waundaji wa MP3, mfumo wa kubana rekodi ziwe faili dogo, aliijaribu kazi yake kwa “Tom’s Diner”, wimbo wa Mmarekani Suzanne Vega ulio katika albamu yake ya mwaka 1987 na unaoimbwa bila ala yoyote. Mfumo ulioonekana kuimudu miziki mingine uliiharibu vibaya sauti ile ya mwanamke mmoja, na ikambidi aurekebishe huku akirudia wimbo uleule mara nyingi mno. Naona sababu yake ni wazi: hakuna sauti tuliyoizoea kama ya binadamu mwenzetu, na inapokuwa peke yake hakuna ngoma wala gitaa la kulifunika kosa.

Watu hushangaa wanapoona naweka pia dansi la zamani lililorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Rekodi nyingi za enzi hizo ni za mono, yaani masikio yote mawili hupokea sauti ileile, na hapo ndipo penye faida: mwimbaji anapaswa kusimama katikati kabisa ya kichwa. Akielemea upande mmoja, ama pande mbili za hedifoni hazilingani, ama umeivaa vibaya. Miwani yenye mikono minene, kwa mfano, huacha mwanya ambamo besi hutorokea. Nikilinganisha hedifoni mbili, nahakikisha kwanza kwamba sauti ziko sawa, kwani inayolia zaidi huonekana bora hata kama siyo. Na wimbo uliopita mikono kumi kwenye WhatsApp haufai kupima chochote.

Kumwonjesha mtu mwingine ni jambo tofauti, na hapo nyimbo zangu naziweka kando. Mjomba wangu alicheza dansi la Mlimani Park Orchestra ukumbini enzi za ujana wake, na alipokuja kutusalimu mwezi uliopita nilimkalisha kwenye kiti, nikamwomba ataje wimbo anaoujua kuliko yote, kisha nikamvisha taratibu. Alifumba macho. Kidole chake kilianza kugonga mkono wa kiti, kikasimama ghafla, na akainua upande mmoja wa hedifoni.

“Kumbe humu mna gitaa jingine huku nyuma?”

Nikamjibu, “Ndilo la ridhimu hilo, mjomba. Limekuwamo siku zote.”

Akairudisha sikioni bila kusema neno, na kwa mkono akaniashiria niuanze upya.