Ramadhani ya Kwanza Baada ya Opereshini

Daktari aliyenipasua kunipunguza mfuko wa chakula ili nipungue uzito aliniambia mapema kabisa, kabla sijavaa gauni la hospitali, kwamba Ramadhani itakayofuata nisifunge. Ilikuwa Novemba 2023 na mfungo ulikuwa unatarajiwa Machi 2024. Nikadhani ananihofia njaa. Nikamwambia njaa naiweza, nimeanza kufunga tangu mtoto. Akanijibu, "Si njaa mama. Ni maji."

Akanipigia hesabu. Mwili wangu utahitaji kama lita moja na nusu hadi mbili za maji kwa siku. Mtu mwenye mfuko wa chakula mzima akifungua swaumu anaweza kubugia glasi mbili tatu kwa mpigo, akaongeza nyingine baada ya tarawehe na nyingine wakati wa daku. Mimi nitakunywa kwa kufyonza kidogo kidogo, na nikila lazima nipishe kama nusu saa ndipo niguse maji. Kuanzia adhana ya magharibi, saa kumi na mbili na nusu, mpaka alfajiri saa kumi na moja na dakika zake, toa muda wa kula, toa sala, toa usingizi. Maji hayo hayaingii. Na mwili ukikauka zinaumia figo, na mimi figo zangu zilikuwa na kisukari cha miaka mingi tayari.

Sikuamka siku moja nikasema nipasuliwe. Nilikuwa na kilo 128 kwa urefu wa sentimita 160. Ukigawa kilo kwa urefu wa mita, kisha ukagawa tena kwa urefu huohuo kama wanavyofanya hospitali, inatoka 50. Vigezo vya zamani vya upasuaji wa namna hii, vya mwaka 1991, vilikuwa vinamtaka mtu afike 40, au 35 kama ana maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 wataalamu wakavishusha zaidi. Mimi nilikuwa nimevipita vyote. Nilikuwa na kisukari, nina presha, magoti yananiuma nikipanda daladala, na usiku mume wangu alikuwa ananitikisa kwa sababu pumzi ilikuwa inakatika nikiwa usingizini. Nilikuwa nimeshapunguza wali, nimeshatembea asubuhi, nimeshakunywa hayo maji ya ndimu na tangawizi. Kilo kumi zinatoka, kumi na mbili zinarudi. Mtu asiyewahi kubeba mwili wa namna ile atasema ni uvivu. Nilikuwa naamka saa kumi usiku nitembee barabarani gizani ili watu wasinione.

Kilichonisukuma ni mguu wa shangazi yangu. Ulianza na lengelenge dogo la kandambili, katikati ya kidole gumba na cha pili. Alikuwa hasikii maumivu kwa sababu kisukari kilishaua fahamu za miguu. Wakakata kidole. Baadaye wakakata chini ya goti, halafu juu ya goti. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga bandeji, na ile harufu naijua hadi leo. Alipofariki nilikuwa natumia dawa zilezile alizoanza nazo yeye. Mwaka uliofuata kliniki wakaniambia vidonge vimefika mwisho wa nguvu yake, tuanze insulini. Insulini inaokoa watu, siisemi vibaya. Ila niliiona ile barabara yote, na aliyenitangulia kuipita nilikuwa nimemzika.

Miaka ya nyuma ukitaka upasuaji wa kupunguza uzito ulikuwa unaambiwa uende India. Kufikia wakati wangu hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, walikuwa wameshaanza kuweka puto, na madaktari wa hapahapa nchini walikuwa wanafanya na opereshini yenyewe. Puto linaingizwa kwa mdomo, linajazwa maji tumboni, linakaa miezi kadhaa kisha linatolewa. Daktari alinieleza bila kunizungusha kwamba kwa uzito wangu puto likitoka, uzito nao utarudi. Akachukua karatasi akachora. Katika opereshini aliyonishauri, wanapita kwa matundu madogo, wanakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, zaidi ya robo tatu, wanaitoa nje, na kinachobaki ni kijia chembamba kilichopinda kama ndizi. Sehemu ya juu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Kuna nyingine, ya kuunganisha kimfuko kidogo moja kwa moja na utumbo, ambayo kwa kisukari ina nguvu zaidi, lakini inadai uangalizi mkubwa zaidi wa vitamini maisha yote. Nikachagua ya kwanza. Akaniambia na mabaya yake: mshono unaweza kuvuja siku za mwanzo na ukivuja ni hatari, kiungulia kinaweza kuja kukaa, uzito unaweza kurudi nikirudia kula ovyo, na kilichokatwa hakirudishwi. Pesa nilikopa SACCOS kazini, nyingine ikatoka kwenye kiwanja.

Opereshini yenyewe sina mengi ya kuisimulia. Nililala, nikaamka, koo linawaka na mabega yanauma kwa ile gesi wanayojazia tumbo. Nesi akaniletea maji kwenye kile kikombe cha kupimia dawa ya watoto, mililita 30, akasema nikimalize taratibu. Kilinishinda. Sukari, hata hivyo, ilianza kushuka nikiwa bado hospitalini, nikaruhusiwa na dawa pungufu ya nilizoingia nazo.

Basi Ramadhani ikafika, na mimi nikachukua likizo niende kwa mama, Tanga, nikae naye kumi la kwanza. Mama anaishi Ngamiani, nyumba ya uwani, jamaa wanaingia na kutoka. Alikuwa anajua kila kitu tangu mwanzo. Wengine hawakujua.

Mchana nilikuwa nakula chumbani kwa mama, pazia limeshushwa. Mgonjwa ameruhusiwa, Suratul Baqara imesema alipe hesabu hiyo katika siku nyingine, na imamu wa msikiti wetu Dar es Salaam alinithibitishia hivyohivyo nilipomwendea. Kujificha ilikuwa adabu tu, usitafune mbele za waliofunga. Lakini ilinichoma. Nyumba nzima imetulia, kina dada uani wanakuna nazi midomo imekauka, na mimi nina chupa ya maji chini ya khanga, nafyonza kila baada ya dakika chache. Sijawahi kujiona mbali na watu wangu kama mchana ule.

Na nje maneno yalishaanza. Kilo zilikuwa 102, nguo zinaniteremka, uso umeingia ndani. Kwetu mwanamke akinenepa baada ya kuolewa watu wanasema ndoa imemkubali. Akipungua wanashusha sauti. Jirani mmoja alimvuta mama pembeni akamuuliza, "Mwanao ameanza dawa?" Mama alijua ni dawa zipi zinazosemwa. Akamjibu kwamba hata ningekuwa nimezianza, ningekuwa mwanawe vilevile. Hakuongeza neno.

Nywele nazo zilikuwa zinatoka. Ni jambo linalojulikana, mwezi wa tatu au wa nne baada ya opereshini mwili uliopungua kwa kasi unaziangusha, na huwa zinarudi. Lakini kujua ni kitu kimoja. Binti wa dada yangu alikuwa ananisuka, akanyamaza ghafla, nikageuka nikakuta ameshika fungu zima kiganjani, anatafuta pa kulificha.

Jioni moja mjomba alikuja kufuturu kwetu. Ni kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyesimama kama baba baada ya baba yetu kufariki, na chakula cha mwanzo sharti akipitishe yeye kwa kila mtu. Mkeka umetandikwa, sinia la mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kaimati zinang'aa sukari, uji wa mchele wenye pilipili manga, na bakuli la nguru wa mchuzi. Nikafungua kwa nusu ya tende na maji kidogo. Mjomba akanisogezea mihogo. Nikala vipande viwili vidogo, kwa heshima yake. Akasogeza tena. "Kula mwanangu, umekuwa ufito."

Kile kipande cha tatu sikukitafuna vizuri. Aliyefanyiwa opereshini hii anajua kinachofuata. Inaanza kama mtu amekukandamiza kidole katikati ya kifua, chini ya mfupa. Kisha mate yanajaa mdomoni, mengi, mazito kama povu, huwezi kuyameza kwa sababu njia imeziba. Jasho likanitoka. Nikainuka, nikaenda uani, nikainama kwenye karo mpaka kikatoka. Kilikuwa kipande cha ukubwa wa punje mbili tatu za mahindi.

Niliporudi watu wote walikuwa wameacha kula. Mjomba akauliza kuna nini. Nikaona sina sababu ya kumzunguka mtu aliyenilea. Nikamweleza pale pale, mbele ya wote: nimepasuliwa, sehemu kubwa ya mfuko wa chakula imetolewa, nimefanya kwa hiari yangu kwa ajili ya kisukari na pumzi, na kufunga sijafunga kwa amri ya daktari.

Mjomba hakupandisha sauti. Alisema kwa upole, na ndivyo ilivyouma zaidi. "Mwenyezi Mungu kakuumba ukiwa mzima, kakupa na tumbo lako. Wewe unamwendea daktari akupunguzie? Si ungepunguza wali tu, kama Profesa Janabi anavyosema kila siku?" Watu wakaguna kukubali. Miaka ile hotuba za Profesa Mohamed Janabi wa Muhimbili juu ya ulaji zilikuwa kwenye simu ya kila mtu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimezisikiliza zote na kuzifuata. Nikafungua mdomo nijibu, sauti haikutoka.

Mama ndiye aliyejibu. Alikuwa anamimina uji, akaweka upawa chini. "Kaka, wifi yangu alipokatwa mguu mara ya kwanza, ulisema apelekwe haraka. Alipokatwa mara ya pili ulichanga pesa. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema Mungu kamuumba na miguu miwili. Huyu kakatwa angali anatembea. Mimi namuona anavyolala usiku, halii tena kutafuta pumzi."

Mjomba akakaa kimya. Kisha akanawa mikono, akaenda kusali. Hakusema kwamba amekubali, na mpaka leo hajasema. Ila tangu jioni ile hakuna mtu wa nyumba ile aliyeniuliza tena naumwa nini, na jirani alipokuja na maswali yake akajibiwa na wadogo zangu mlangoni.

Kesho yake mama aliniuliza mambo ambayo hakuwahi kuniuliza. Kijiko ngapi? Kipi kwanza? Nikamweleza nilivyofundishwa na mtaalamu wa lishe: samaki, yai au kuku kwanza, kwa kuwa protini ndiyo inayolinda misuli, angalau gramu 60 kwa siku, halafu mboga, wanga mwisho kama pamebaki nafasi. Akastaajabu kusikia kwamba kaimati na uji wa sukari ndivyo vinavyopita kwa urahisi kuliko vyote, na kwamba hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtu anaweza kushinda anakunywa vitu vitamu, tumbo halimzuii, na uzito ukarudi wote. Jioni akanitolea kipande cha nguru kwenye kisahani, amekichambua miba na kukiponda, akakiweka mbele yangu kabla sinia halijafika. Sikumwomba. Alifanya hivyo siku zote nilizobaki kwake.

Wengi wanaonitafuta sasa wanataka kujua kilo. Kufikia Idi ya mwaka 2025 nilikuwa na 84. Sukari imetulia kwa dawa kidogo, presha sinywi dawa kwa sasa. Lakini nawaambia na mengine. Ngozi ya tumbo na mikono imelegea, na hiyo mazoezi hayaiondoi. Vidonge vya vitamini, chuma na kalsiamu ni kila siku, na vina gharama. Kila mwaka napima damu. Mara moja vitamini B12 ilikutwa imeshuka nikachomwa sindano. Dawa za maumivu kama diklofenaki niliambiwa niziepuke. Na mwanamke anayetaka mtoto anatakiwa asubiri mwaka na zaidi, hilo wengi hawaelezwi mpaka wamechelewa.

Deni la Ramadhani ile nilianza kulilipa opereshini ilipotimiza mwaka, daktari ameshapima figo na kuniruhusu. Nilikuwa nafunga Jumatatu na Alhamisi, najipangia maji usiku kwa chupa yenye alama, na kwa masharti kwamba nikiona kizunguzungu nafungua bila kubishana na nafsi yangu. Nililimaliza kabla Ramadhani nyingine haijaandama, na hiyo nikafunga na wenzangu. Nilienda tena Tanga. Mjomba alikuwepo, akanisogezea mnofu wa nguru upande wangu wa sinia. Nikala nusu, nusu nikamrudishia, akaila.