Kabla hujasema "nifungie inchi 18": siku moja ya fundi wa matairi

Saa 1:30 asubuhi nawasha kompresa, nafagia, napanga spana. Hadi saa nne nimeziba pancha, nimebadilisha valvu na kubalansi magurudumu ya teksi. Hizo mikono inazijua.

Wengi hudhani kazi yetu ni misuli na jeki. Misuli inatumika, sikatai, lakini kinachomrudisha mtu nyumbani salama ni namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi.

Saa 4:15 anaingia kijana na sedani ndogo inayotembelea 195/65R15. Kwenye buti na viti vya nyuma amejaza rimu nne za inchi 18, matairi tayari yamevikwa. "Fundi, nifungie chapchap, nina safari." Nasoma: 225/55R18. Hayo yametoka kwenye gari la juu. Nageuza ubavu nakuta 2316, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016, na nyufa zinaonekana bila kuzitafuta.

"Kaka, njoo tusome pamoja." Namwonyesha: 225 ni upana kwa milimita, 55 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukizidisha na kujumlisha, tairi lake la asili lina kipenyo cha milimita 634.5, hili linakaribia 705. Limezidi kwa asilimia 11. Spidomita ikisoma 100, yeye yuko 111. Gari litakuwa zito kuondoka, na breki zilezile zitalazimika kusimamisha gurudumu kubwa na zito zaidi.

"Mbona rafiki yangu kafunga na anatembea?"

Sikubishana. Nikapiga jeki, nikafunga gurudumu moja la mbele, nikamwambia akate usukani mwenyewe. Hata nusu hakufika, tairi likagusa ndani ya madigadi. Na hapo springi zimening'inia. Likishuka chini na abiria wanne je? Akasema basi nigonge madigadi kidogo. Nikakataa. Akapiga simu, akaniwekea simu sikioni, mtu nisiyemjua akanielekeza niinue springi. Nikakataa tena. Akazunguka gari, akapiga simu nyingine. Wateja wengine wanatazama saa, mimi nimesimama na spana mkononi, jasho linaingia machoni. Ningemfungia ningemaliza kwa dakika ishirini na kulipwa. Lakini kazi iliyotoka kwangu ni jina langu barabarani, na ndani ya gari kuna watu.

Ushauri wangu ulikuwa inchi 16 kwa 205/55R16: kipenyo milimita 632, ubavu bado una nyama ya kumeza shimo. Hakutaka, moyo wake uko kwenye 18. Sawa, gari ni lake, na 18 inawezekana ikipata tairi lake: 225/40R18, kipenyo 637.2. Tofauti na la asili haifiki milimita tatu. Nikamweleza gharama yake pia. Ubavu unashuka kutoka milimita 127 hadi 90, kwa hiyo shimo alilozoea kulipita linaweza kupinda rimu, na kiti kitamletea kila kokoto. Tena asinunue kwa kutazama ukubwa tu. La asili limeandikwa 91, yaani linabeba kilo 615. Jipya lisiwe chini ya hapo. Tukapata yenye 92 na alama ya XL, yaani yameimarishwa kubeba zaidi, kilo 630, ila hayo yanataka upepo zaidi kidogo ili yabebe mzigo uleule.

Akakubali. Mchana ulikuwa umeshapita.

Tairi lenye ubavu mfupi ni gumu kulivika. Halipindi, linagoma kwenye ukingo wa rimu, na ukilazimisha unalichana. Kufikia la tatu mgongo ulikuwa unawaka. Halafu rimu zina tundu la katikati la milimita 73.1, habu ya gari, kile kitovu ambacho rimu inakalia, ni 60.1. Ukifunga hivyo hivyo, gurudumu linaweza kukaa pembeni kidogo na usukani ukatetemeka kwenye mwendo. Tukangoja pete za kuziba hiyo nafasi. Tukangoja sana. Zilipofika nikabalansi, nikakaza nati kwa mtindo wa msalaba kwa spana ya kipimo, nikapima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu.

Akazunguka mtaa, akarudi, akakata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Haigusi. Nikamwandikia kipimo cha upepo kwenye risiti na kumwambia arudi kabla ya kilomita 100 nikague nati upya. "Nitarudi, fundi," akasema, na safari hii alikuwa ananisikiliza.

Pikapu iliyonisubiri tangu mchana ilikuwa bado ipo, matairi mawili ya nyuma. Nikamwomba radhi mzee mwenye gari, nikavuta jeki.