Bibi Aliyekuja Kunishukuru

Leo saa nne, kengele ya mapumziko ikiwa ndiyo kwanza imelia, nimeambiwa nina mgeni. Nimemkuta bibi yake mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha kwanza amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, kajitanda kanga, mkononi ameshika ripoti tuliyowapa watoto mwezi Juni. Alikuwa ameikunja mara nne, na pale kwenye mkunjo karatasi imeshaanza kulika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu wa Kiingereza ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, bibi."

Nikajiweka tayari kwa lawama, maana mzazi akija na ripoti mkononi huwa ana neno. Akaikunjua taratibu juu ya paja lake, akaweka kidole kwenye mstari wa maoni yangu. Akasema kijana wa jirani ndiye aliyemsomea. "Kaniambia umeandika mjukuu wangu ana haya sana. Nimekuja kukushukuru, mwalimu. Siku hizi nani anaangalia haya ya mtoto? Wanaangalia maksi tu."

Nilichokuwa nimeandika ni maneno manne: "He is too shy." Nilikiandika kama kasoro. Mtoto hanyooshi mkono, ukimwuliza swali anatazama chini, sauti yake haifiki dawati la pili. Nilitaka nyumbani wamsukume kidogo. Kumbe lile "too" langu, lenye maana ya kupita kiasi, lilipofika barazani kwao likawa "sana", na "shy" ikawa haya. Lawama yangu ikageuka sifa njiani, na bibi wa watu akapanda daladala kuja kunipa ahsante.

Nimeipokea. Sikuweza kumsahihisha. Sasa ni saa tatu usiku na neno hilo bado halijaniacha.

Kwetu Tanga ukisema fulani hana haya, umemtukana yeye na waliomlea. Haya tumefundishwa tangu madrasa kuwa ni tawi la imani. Ni kule kujizuia kwa mtu anayejua yuko mbele ya nani. Neno la Waingereza lina ukoo mwingine kabisa: katika Kiingereza cha kale lilimhusu kiumbe mwoga, mwepesi wa kushtuka, na hadi leo farasi akishtuka njiani akaruka pembeni, kitenzi chake ni hicho hicho, "shy". Mimi nikachukua adabu ya mtoto wa watu na woga wa farasi nikaviweka sahani moja, kisha nikasaini.

Na si mara ya kwanza. Mwezi Februari niliwapa darasa maneno 24 ya kueleza tabia na sura za watu, nikachora ubaoni safu mbili, ya kujumlisha na ya kutoa: sifa nzuri huku, mbaya kule. Hawa ni watoto waliosoma masomo yao yote, isipokuwa Kiingereza chenyewe, kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, halafu Januari wakakuta karibu kila kitu ni Kiingereza. Karibu darasa zima waliweka "shy" upande wa kujumlisha, "fat" pia kujumlisha, na "proud" kutoa. Nikawakata wote. Kalamu nyekundu ilifanya kazi sana siku ile.

Hilo la "proud" nimelifikiria njia nzima nikirudi nyumbani. Mtoto akisikia neno hilo anaona kiburi, maringo, mtu anayepita bila salamu. Mimi nikawa nasisitiza kuwa ni sifa nzuri, mama anaweza kuwa "proud of" mwanawe. Lakini Kiswahili nacho kinaijua tofauti hiyo vizuri kabisa, kimeibana kwenye irabu moja: kujivuna na kujivunia. Anayejivuna anatukera, anayejivunia mtoto wake tunampongeza. Ile "of" ya Kiingereza inafanya kazi ya ile "i" yetu. Laiti ningeligundua hili Februari, wangeelewa kwa dakika mbili, na wasingekatwa kwa kujua lugha yao.

"Fat" ni tahadhari ya kweli, hapo siwezi kulegeza. Huku mtu akitoka likizo ukamwambia amenenepa, umemsifia, maana yake anakula na ana amani. Mtoto akijamwambia hivyo mgeni kutoka Uingereza atakuwa amemuumiza bila kujua. Hilo lazima nilifundishe, lakini kama adabu ya wenyewe, si kama jibu lililokosewa.

Kinachoniuma zaidi ni daftari moja. Insha ilikuwa ya kumweleza mama. Binti mmoja, mwandiko wake mdogo umelala kushoto, aliandika: "My mother is water of beans." Alitaka kusema mama yake ni maji ya kunde. Nilipiga mstari, juu yake nikaandika "brown". Sasa, "brown" ni rangi ya kiatu, ya meza, ya bahasha. Maji ya kunde ni rangi ya mtu peke yake, si mweusi si mweupe, na anayelisema amewahi kusimama jikoni akaona sufuria ya kunde ikichemka na yale maji yakigeuka rangi. Binti yule alikuwa amemtazama mama yake sawasawa. Sentensi ilihitaji kurekebishwa, kweli. Mama hakuhitaji.

Kwenye hisia mambo ni magumu zaidi. Kwetu hisia humjia mtu: hasira zimempanda, hofu imemwingia, huzuni imemshika. Au mtu anakuwa nayo, ana furaha, ana hasira, ndiyo maana kila mwaka nasahihisha "I have happy". Mwingereza anasema "I am angry", kana kwamba yeye na hasira yake ni kitu kimoja mpaka zimwishe. Simlaumu mtoto anayesita hapo. Halafu kuna ile ya "I am boring", ambayo mwanafunzi huisema akimaanisha somo limemchosha, kumbe amejitangaza kuwa yeye ndiye anayechosha wenzake. Hapa nina dawa na inafanya kazi: nawaambia watafute kwanza kitenzi cha Kiswahili. Kinachochosha ni "boring", aliyechoshwa ni "bored". Kinachoshangaza, "surprising", aliyeshangazwa, "surprised". Mwenye kutenda anabeba "-ing", mwenye kutendwa anabeba "-ed". Wakishaliona kwenye lugha yao halitoki tena.

Mwaka 1936 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Henry Odbert, walipekua kamusi kubwa ya Webster wakaokota maneno 17,953 yanayoweza kumtofautisha mtu na mtu. Wakayagawa mafungu manne. Niliwahi kuyasoma hayo chuoni nikayapita kama takwimu ya mtihani. Usiku huu nimeyafungua tena. Maneno waliyoona yanataja tabia halisi, ile inayokaa na mtu, ni 4,504. Ya hali ya kupita, kama furaha ya saa hii, ni 4,541. Fungu kubwa kuliko yote, maneno 5,226, ni yale ambayo kazi yake hasa ni kumhukumu mtu. Mimi nilikuwa na 24 tu ubaoni na sikuwahi kuwaambia wanafunzi wangu ni yapi yanaeleza na ni yapi yanahukumu. Niliwapa hukumu tayari imeshagawanywa safu mbili.

Kesho nina kipindi nao, cha tatu. Yale madaftari nimeyaomba yarudi. La yule binti nitaanza nalo.

Ripoti ya Desemba nayo ina mstari mmoja tu wa maoni, na nimeanza kuujaribu mapema, kwa penseli. "Shy" haiingii tena. "Modest" ilinivutia, ila hutumika pia kwa nyumba isiyo kubwa na mshahara usio mnono, sijui kijana wa jirani ataishika wapi. "Reserved" inasikika kama kiti kilichowekewa mtu. Mwisho nimeandika: "Quiet, respectful, listens well. I would like to hear his voice more." Nimejisomea kwa Kiswahili kwa sauti, kama atakavyosomewa bibi: mtulivu, ana heshima, msikivu, ningependa kuisikia zaidi sauti yake. Nimerudia mara mbili kuhakikisha hakuna kilichogeuka njiani.